Macho ya Mtoto Anayetaka Kuwa Rubani

Popote ulipo, iwe ni nyumbani Kangemi, sokoni Kawangware, kazini Westlands au ndani ya matatu ukielekea mjini, tega sikio kwa dakika chache. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo tutazungumza juu ya macho ya watoto wetu, na tutaitazama mada hii kupitia kazi moja ambayo watoto wengi huitaja wakiulizwa wanataka kuwa nani wakikua. Kazi hiyo ni urubani.

Mpenzi msikilizaji, huenda ukajiuliza, urubani na kliniki ya watoto vina uhusiano gani? Uhusiano upo, na ni mkubwa. Rubani hapewi leseni kwa sababu amefaulu mitihani peke yake. Ni lazima pia apimwe na daktari na apate cheti cha afya, na macho hupimwa kwa makini sana. Jicho atakalokwenda nalo kwa daktari huyo akiwa na miaka kumi na minane ni lile lile ulilomlea nalo wewe. Mambo mengine ya jicho hayarekebishiki tena mtu akiwa mkubwa, hata awe na pesa kiasi gani.

Kuna hasara mbili ambazo familia hupata kwa kukosa habari. Ya kwanza ni mzazi kumnyima mtoto miwani akiogopa kwamba mtoto wa miwani hawezi kuwa rubani, au kwamba miwani itamharibu macho zaidi. Ya pili ni familia kuuza shamba au kufanya harambee ili kijana asomee urubani, halafu inagunduliwa baada ya karo kulipwa kwamba hawezi kutofautisha rangi nyekundu na kijani. Masomo hayo hugharimu mamilioni ya shilingi. Nia yangu leo ni kukusaidia uepuke hasara zote mbili.

Cheti hiki hutolewa na nani?

Hapa Kenya, mambo ya marubani husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, iliyoundwa mwaka 2002. KCAA hufuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambalo ni shirika la Umoja wa Mataifa. Makao yake makuu yako Montreal, Kanada, na ofisi yake ya kanda yetu iko hapa hapa Nairobi, Gigiri. Msingi wa shirika hilo ni mkataba uliotiwa sahihi Chicago mwaka 1944. Kwa sababu ya mkataba huo, masharti ya macho ya Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam yanafanana sana. Hata Jumuiya ya Afrika Mashariki ina shirika lake la usalama wa anga, CASSOA, lenye makao yake Entebbe, ambalo husaidia nchi zetu kulinganisha kanuni.

Vyeti vya afya viko vya madaraja matatu. Daraja la kwanza ni la marubani wa biashara, yaani wanaolipwa kubeba abiria na mizigo. Daraja la pili ni la wanaoruka kwa shughuli zao binafsi. Daraja la tatu ni la waongoza ndege, wale wanaokaa kwenye mnara wa uwanja na kuwaelekeza marubani kwa redio.

Hesabu ya macho: 6/6 maana yake nini?

Mtoto wako akipimwa macho utaona kwenye karatasi 6/6, 6/9, 6/12 au 6/60. Husomwa sita kwa sita, sita kwa tisa, na kadhalika. Wazazi wengi hukunja karatasi hiyo na kuiweka kwenye mkoba bila kuuliza. Leo tuielewe.

Namba ya kwanza ni umbali wa mita kutoka kwa mtu hadi kwenye ubao wa herufi. Mtu husimama mita 6. Namba ya pili ni umbali ambao jicho la kawaida lingeweza kuisoma herufi hiyo hiyo. Kwa hivyo mtoto mwenye 6/6 anaona kwa mita 6 kile ambacho jicho la kawaida huona kwa mita 6. Huyo yuko sawa. Mwenye 6/12 analazimika kusogea hadi mita 6 ili aone kile ambacho mwenzake anakiona akiwa mita 12. Mwenye 6/60 anaona kwa shida ile herufi kubwa kabisa ya juu ambayo wengine huiona kwa mita 60. Kadiri namba ya pili inavyokuwa kubwa, ndivyo jicho linavyoona kidogo. Ubao huu wa herufi ulitungwa na daktari Mholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862, na bado tunautumia.

Ukitaka mfano wa barabarani, mfikirie mtoto aliyesimama kituoni nawe. Wewe umeshaisoma 46 ya Kawangware ikiwa mbali, naye anakuuliza, "Mama, hiyo ni namba gani?" mpaka gari linapofika mbele yenu. Usimcheke wala usimkemee. Mpeleke akapimwe.

Kenya inataka nini, na nchi nyingine je?

Kwa daraja la kwanza, Kenya inataka kila jicho likipimwa peke yake liwe na 6/9 au zaidi ya hapo kwa uzuri, na macho yote mawili yakitumika pamoja yawe na 6/6. Kwa daraja la pili, kila jicho liwe na 6/12 na yote mawili pamoja 6/9. Waongoza ndege hupimwa kwa kiwango kile kile cha daraja la kwanza. Rubani pia hupimwa kuona kwa karibu, maana husoma ramani na saa nyingi ndogo ndogo zilizo mbele yake. Hutazamwa pia upana wa kuona kwa pembeni, na kama macho yote mawili yanafanya kazi pamoja.

Nchi za Umoja wa Ulaya zina kipimo kama hicho hicho: 6/9 kila jicho na 6/6 kwa yote mawili katika daraja la kwanza. Marekani inabana kidogo. Kwa daraja lake la kwanza inataka kila jicho peke yake lifike 6/6. Wao huandika 20/20 kwa sababu hupima kwa futi, lakini ni kitu kile kile. Kwa daraja la tatu la Marekani, ambalo ni la marubani wasio wa biashara, 6/12 kwa kila jicho inatosha.

Sasa fikiria kijana aliye na 6/6 jicho la kulia na 6/9 jicho la kushoto, na miwani haiwezi kumwongezea zaidi. Nairobi atapita. Marekani atapungukiwa na kipimo cha daraja la kwanza. Tofauti ni mstari mmoja au miwili tu ya herufi. Ndiyo maana tunasema jicho moja kuwa zuri hakutoshi. Kila jicho huhesabiwa peke yake.

Miwani si kizuizi

Mama, sikiliza hapa vizuri. Vipimo vyote nilivyotaja ni kwa miwani au bila miwani. Kijana akivaa miwani na kufikia 6/9 kila jicho na 6/6 kwa yote mawili, amepita. Kwenye cheti chake huandikwa kwamba lazima aruke akiwa amevaa miwani, na lazima awe na miwani ya akiba karibu naye wakati wote akiwa kazini. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho pia zinakubalika kwa masharti. Zisiwe za rangi, azizoee vizuri, na miwani ya akiba iwepo.

Ikiwa jicho bila miwani ni dhaifu kuliko 6/60, shirika la ICAO halimfungii mtu mlango. Linataka alete ripoti kamili ya daktari bingwa wa macho kabla ya kupewa cheti mara ya kwanza, na nyingine kila baada ya miaka mitano. Ulaya huangalia pia nguvu za miwani. Ikizidi kutoa sita kwa asiyeona mbali, au kuongeza tano kwa asiyeona karibu, mwombaji huchunguzwa zaidi na bingwa.

Zamani vikomo vya macho yasiyo na miwani vilikuwa vikali zaidi, na hapo ndipo ule usemi wa "rubani havai miwani" ulipotokea. Usemi ulibaki, lakini kanuni zimebadilika.

Na miwani haiharibu macho. Mtoto akivua miwani aone kila kitu ni ukungu, si kwamba miwani imemdhoofisha. Ni kwamba sasa amejua kuona vizuri ni kupi, naye anaona tofauti.

Kinachozuia ni jicho lililoachwa

Ikiwa miwani si kizuizi, basi ni nini? Mara nyingi ni kile kinachoitwa jicho vivu.

Mtoto hazaliwi akijua kuona kama mtu mzima. Jicho hupiga picha, na ubongo hujifunza kuisoma picha ile. Mafunzo hayo hufanyika katika miaka ya kwanza ya maisha. Sasa jicho moja likiwa na kasoro, pengine lina makengeza, au linahitaji miwani yenye nguvu kuliko la pili, au lina mtoto wa jicho, ubongo hupokea picha mbili zisizolingana. Huamua kuitumia ile safi na kuipuuza ile mbaya. Mtoto halalamiki kwa sababu jicho zuri linamtosha kucheza na kukimbia. Lakini jicho lile lingine halifunzwi. Akifika miaka kumi na minane, hata ukilinunulia miwani ya bei gani, haliwezi kusoma ile mistari ya chini. Jicho lenyewe linaweza kuwa zima, lakini ubongo haukuzoea kulitumia.

Hapa ndipo 6/9 ya kila jicho inapomkwamisha kijana. Na hapa ndipo mama unapoweza kusaidia mapema. Jicho vivu hutibiwa vizuri zaidi kabla ya mtoto kufika miaka saba au minane. Tiba yenyewe ni miwani, na mara nyingi kuliziba jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Kuna wanaohitaji upasuaji. Baada ya umri huo matibabu hayana nguvu sana. Samaki mkunje angali mbichi.

Kwa hivyo nyanya akikuambia, "Hayo makengeza ni urembo, yataisha yenyewe," mshukuru kwa heshima, kisha mpeleke mtoto. Macho ya kichanga yanaweza kupotoka kidogo katika miezi ya kwanza. Lakini makengeza yanayoendelea baada ya miezi sita, au yaliyo ya wakati wote, yanahitaji daktari wa macho.

Rangi za angani

Jambo la pili ambalo humzuia kijana, na ambalo miwani haiwezi kulirekebisha, ni kushindwa kutofautisha rangi.

Ndege ina taa nyekundu kwenye bawa la kushoto, ya kijani bawa la kulia, na nyeupe mkiani. Rubani akiiona ndege nyingine usiku, rangi hizo ndizo humwambia ndege ile inaelekea wapi. Kando ya njia ya kutua katika viwanja vingi kuna taa nne mstari mmoja. Mbili nyeupe na mbili nyekundu maana yake anashuka vizuri. Zote nyeupe, yuko juu mno. Zote nyekundu, yuko chini mno. Redio ikiharibika, mnara huweza kumwashia taa ya kijani au nyekundu.

Usidhani haya ni maneno ya vitabuni tu. Tarehe 26 Julai 2002, ndege ya mizigo ya kampuni ya FedEx aina ya Boeing 727 iligonga miti kabla ya kufika uwanjani Tallahassee, Marekani. Watu watatu waliokuwa ndani waliumia vibaya, lakini walinusurika. Wachunguzi walitaja uchovu na makosa ya marubani wakati wa kushuka, na pia walitaja kwamba msaidizi wa rubani alikuwa na kasoro ya kuona rangi iliyomzuia kuzisoma zile taa nyeupe na nyekundu.

Kipimo cha kwanza cha rangi katika nchi nyingi ni kitabu chenye duara za madoa ya rangi, na ndani ya madoa kuna namba. Mwenye kuona rangi sawasawa huiona namba. Mwenye kasoro huona madoa tu, au husoma namba nyingine. Kitabu hiki kilitungwa na daktari Mjapani, Shinobu Ishihara, mwaka 1917.

Anayeshindwa na kitabu hupewa nafasi ya kipimo kingine, na hapa nchi hutofautiana. Uingereza hutumia kipimo cha kompyuta kilichobuniwa katika Chuo Kikuu cha City, London. Marekani imeanza kutumia vipimo vya kompyuta kwa waombaji wapya tangu Januari 1, 2025. Australia imekuwa na msimamo mpole zaidi tangu rubani mmoja aliposhinda rufaa yake mwaka 1989. Kwa viwango vya ICAO ambavyo Kenya hufuata, anayeshindwa kabisa hapati daraja la kwanza, lakini anaweza kupewa daraja la pili lenye sharti la kuruka mchana tu. Hiyo ni furaha ya kuruka, lakini si ajira ya kubeba abiria.

Je, kasoro ya rangi ni kosa la mama?

Swali hili huja sana, na mara nyingine huja na lawama nyumbani. Tulieleze vizuri.

Aina ya kawaida ya kasoro hii hurithiwa. Maelekezo ya rangi za nyekundu na kijani yako kwenye kromosomu iitwayo X. Mwanamke ana X mbili. Mwanamume ana moja, na huipata kwa mama yake. Mama anaweza kubeba X moja yenye kasoro bila yeye kujua, kwa sababu ile nzima inamsaidia. Mtoto wa kiume akipokea ile yenye kasoro, hana nyingine ya kumsaidia. Kwa hivyo kila mtoto wa kiume wa mama mbebaji ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nayo. Baba mwenye kasoro hampi mwanawe wa kiume, bali binti zake wote huwa wabebaji. Ndiyo maana kasoro hii huonekana kwa wavulana zaidi kuliko wasichana, na ndiyo maana unaweza kuiona kwa babu, ikapita kwa binti kimya, ikatokea kwa mjukuu.

Hakuna aliyekosea hapo. Si chakula ulichokula ukiwa mjamzito, si laana, wala mtoto si mgonjwa. Kasoro hii haizidi wala haipofushi. Ni muhimu tu ijulikane mapema, ili mtoto aelekezwe kwenye kazi ambayo macho yake yanaiweza. Mwambie pia mwalimu, ili mtoto asichapwe wala asichekwe kwa kupaka majani rangi ya kahawia.

Ufanye nini, tangu kuzaliwa

Mtoto anapozaliwa, hupakwa dawa ya macho ili kuzuia maambukizi. Uliza kama wako amepakwa. Macho yakitoa usaha katika siku za kwanza, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Usitie maziwa ya titi, maji ya majani wala dawa ya jirani machoni.

Katika kijitabu chako cha Mama na Mtoto kuna sehemu ya kuangalia macho. Mwambie muuguzi aijaze. Ukiona weupe katikati ya mboni, au picha ya simu iliyopigwa kwa taa ikionyesha jicho moja jeupe, nenda hospitali bila kungoja. Weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho ambayo huua ikicheleweshwa na huweza kupona ikiwahiwa.

Kuanzia miezi sita hadi miaka mitano, mpeleke apewe matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita. Mpe pia karoti, malenge, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, sukuma wiki, mchicha, mapapai, maembe na maini kidogo. Kukosa vitamini A hukausha kioo cha jicho na kuacha kovu. Chanjo ya surua ya miezi tisa na ile ya mwaka mmoja na nusu pia hulinda macho, kwa maana surua huweza kupofusha.

Nyumbani unaweza kufanya kipimo kidogo. Mfunike mtoto jicho moja kwa kiganja huku akitazama kitu anachopenda, kisha lile lingine. Akilia na kuusukuma mkono wako kila mara unapofunika jicho moja tu, pengine hilo ndilo analolitegemea. Kabla hajaanza nasari, apimwe na mtaalamu. Akiwa shuleni, angalia dalili hizi: anasogelea televisheni, anainamisha kichwa upande, anakunja uso akitazama ubao, anaumwa kichwa jioni, au ananakili kwa daftari la mwenzake badala ya ubaoni.

Mruhusu acheze nje mchana. Mtoto anayekaa nje kwenye mwanga wa jua muda mrefu kila siku ana nafasi ndogo ya kupata tatizo la kutoona mbali kuliko anayeshinda ndani na simu. Lakini mlinde na manati, waya, vijiti na sabuni kali. Dawa ya kusafishia choo ikiruka machoni, mwoshe kwa maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika kumi na tano, kisha umkimbize hospitali.

Upande wetu huu hatuko mbali na msaada. Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe, ambako utapewa barua. Kuna hospitali ya macho ya Lions SightFirst pale Loresho, kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu, na kliniki ya macho ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta.

Kabla ya kulipa karo

Ikiwa kijana wako amemaliza shule na moyo wake uko kwenye urubani, fuata mpangilio huu. Kwanza, apimwe macho na daktari wa macho wa kawaida, pamoja na kitabu cha rangi. Pili, aende kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA apimwe kwa cheti cha daraja la kwanza. Asikubali kuanza na daraja la pili peke yake kwa kuwa ni rahisi, ikiwa lengo lake ni ajira. Daraja la pili linaweza kumruhusu kuanza masomo, kisha akakwama mbele wakati pesa zimekwisha. Tatu, cheti kikiwa mkononi, ndipo mzungumze na chuo juu ya karo. Akitaka kusomea au kufanya kazi nchi nyingine, aulize masharti ya nchi hiyo mapema. Mashirika ya ndege na majeshi pia huweza kuweka masharti yao juu ya yale ya leseni.

Ajue pia kwamba cheti hiki si cha maisha. Rubani wa biashara hupimwa upya kila mwaka, na wenye umri mkubwa wengine kila miezi sita. Kwa hivyo kutunza macho ni sehemu ya kazi yenyewe.

Maswali mnayotuuliza

"Binti yangu ana miwani tangu darasa la pili. Je, nimwambie aachane na ndoto ya urubani?" Hapana, mama. Mwache avae miwani yake kila siku, apimwe kila mwaka, na asome hesabu na fizikia kwa bidii. Wasichana wanarusha ndege. Kapteni Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa ndege aina ya Boeing 787, na hiyo ilikuwa mwaka 2014.

"Mwanangu alichomwa na kijiti, jicho moja halioni. Je, basi?" Pole sana, mama. Kwa daraja la kwanza hapa kwetu, kila jicho linatakiwa kufika 6/9, kwa hivyo mlango huo ni mgumu. Marekani humruhusu mtu wa jicho moja kuruka akipita vipimo vya ziada, na Mmarekani Wiley Post, aliyekuwa na jicho moja, aliizunguka dunia peke yake kwa ndege mwaka 1933. La muhimu sasa ni kulilinda lile lililobaki. Avae miwani ya kukinga hata kama haihitaji kwa kusoma.

"Upasuaji wa kuondoa miwani unaweza kusaidia?" Unaweza, lakini ni wa watu wazima ambao macho yameacha kubadilika. Baada yake mtu hungoja apone, na huleta ripoti ya daktari wa macho kabla ya kupewa cheti. Asiufanye kabla ya kumwuliza daktari wa marubani.

Ya kukumbuka

Miwani haimzuii mtoto kuwa rubani.
Kila jicho huhesabiwa peke yake, na jicho vivu hutibiwa kabla ya miaka saba au minane.
Makengeza baada ya miezi sita, au weupe kwenye mboni, ni safari ya hospitali.
Mtoto apimwe rangi mapema, hasa wa kiume.
Cheti cha daraja la kwanza kitangulie karo.

Mpenzi msikilizaji, si kila mtoto atarusha ndege. Lakini yule atakayekuwa fundi wa umeme, mshonaji, dereva au mwalimu atayahitaji macho hayo hayo. Wiki hii, mfunike mtoto wako jicho moja, kisha la pili, utazame anavyofanya. Ukiwa na shaka yoyote, njoo kliniki na kijitabu chako.